Watu 11 hatukumwona, mzee mmoja anasema amemwona: mbayuwayu buluu wa Ruma aingie kwenye orodha au asiingie?

#1 Kwarara wa Dunga (mwanzisha uzi)
Wadau, hamjambo. Nawaletea kesi, maana kwenye grupu letu la WhatsApp la watazama ndege tumeshagombana hadi watu wawili wamejitoa.

Jumamosi iliyopita tulitoka Kisumu saa kumi alfajiri, watu 12 na dereva, matatu moja ya kukodi. Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, saa moja na nusu tuko kwenye lango la hifadhi ya Ruma. Safari nzima ilikuwa ya ndege mmoja: mbayuwayu buluu. Kwa wasiomjua, ni buluu iliyokolea mwili mzima, mgongo na tumbo, ila mwanga ukiwa mbaya utaapa ni mweusi. Dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Yumo kwenye orodha nyekundu ya viumbe walio hatarini duniani, na Ruma ndipo mahali pekee Kenya anapopatikana.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Saa nne hivi gari likazama kwenye ule udongo mweusi wa bonde la Lambwe. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye akaangalia huku na huku, akasema shukeni. Kumi na mmoja tukasukuma. Mzee wetu mmoja, fundi wa friji, ana goti bovu, akasimama kando na darubini yake. Gari linatoka, tumejaa matope mpaka masikioni, tunamkuta ametulia anaandika kwenye daftari. "Nimempata." Nani? "Buluu." Yuko wapi? "Ameshakwenda."

Tulizunguka hadi saa kumi jioni. Hakuna. Sasa wenzangu wengine wanataka aingie kwenye orodha ya kikundi ya ndege tuliowaona. Mimi nasema hapana. Mzee namheshimu, lakini sekunde nne za mtu mmoja si safari ya watu kumi na wawili. Semeni.

#2 Baba Tatu
Nimekuja kusoma majibu. Chai ninayo.

#3 Nyasi za Busia
Rekebisha hapo kidogo. Ruma si mahali pekee. Nyasi za huku Busia zimetajwa miaka mingi kwa ndege huyohuyo, na kwa sababu yake zikaingizwa kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini. Tofauti ni kwamba Ruma ni hifadhi ya taifa, huku kwetu ni mashamba ya watu. Kila mwaka kipande kinalimwa, miwa hapa, mihogo pale. Mahali nilipomwona mara ya mwisho, mwaka 2014, sasa pana nyumba ya mabati na mbwa ambaye hapendi watu wenye darubini.

Kuhusu kesi yako: alikuwa peke yake au wawili?

#4 Shorobo_Kakamega
Mtaniudhikia lakini nitasema. Mzee aliona mbayuwayu mweusi, yule ambaye ukingo wa bawa lake una meno kama msumeno. Huku pembeni mwa msitu wa Kakamega wako kila siku. Mwili mzima mweusi, mkia wenye panda ndefu, na jua likimpiga unaona kama anang'aa. Wageni wanaokuja na kitabu kipya humwita buluu mara tatu kabla ya chai ya saa nne.

#5 Kwarara wa Dunga
@Nyasi za Busia asante, nimekosea, nilitaka kusema hifadhi pekee. Mzee anasema mmoja.
@Shorobo_Kakamega ndivyo nilivyomwambia! Akaniuliza, "Kijana, wewe ulikuwa unaangalia nini wakati huo?" Nilikuwa naangalia bampa.

#6 Mtu wa Lambwe
Nimezaliwa hapo, shamba letu linapakana na hifadhi. Naomba kuuliza bila ubaya: hiyo buluu haikuwa mtego wa mbung'o? Huku mitego imetundikwa, vitambaa vya buluu na nyeusi. Upepo ukivuma kitambaa kinapepea vizuri tu, kina hata mkia.

#7 Baba Tatu
😂😂😂 Chai imenipalia.

#8 Nyar Kendu
Mimi nilikuwa kwenye hiyo safari. Kwanza tusidanganyane, waliosukuma ni kumi. Mimi nilikuwa nachukua video ya kuweka TikTok. Pili, @Mtu wa Lambwe unatucheka lakini mbung'o walituuma hadi juu ya jinzi. Ngozi yangu mpaka leo ina vinundu.

#9 Mtu wa Lambwe
Dada, jinzi za rangi gani?

#10 Nyar Kendu
...Buluu.

#11 Mtu wa Lambwe
Ndiyo maana. Mbung'o anavutwa na buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego inashonwa kwa rangi hizo. Nyinyi mlikuwa mitego kumi na miwili inayotembea. Njoo na kaki siku nyingine. Na usiogope malale, mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza kama tatizo la afya ya umma. Babu yangu angeambiwa hivyo angecheka. Bonde hili watu walilihama kwa sababu ya mbung'o, na swala wakabaki nalo kwa sababu hiyohiyo.

#12 Heroe wa Nakuru
Samahani kuingilia. Mimi nilijua watu wanaenda Ruma kwa ajili ya korongo, si mbayuwayu.

#13 Baba Tatu
Korongo yule ndege mwenye miguu mirefu? Si amejaa kila mahali, hata Ahero kwenye mpunga.

#14 Heroe wa Nakuru
Hapana, korongo mnyama. Swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso kama amevaa barakoa. Kenya nzima amebaki Ruma tu.

#15 Mwalimu Mstaafu
Wote mko sahihi, lugha ndiyo iliyowachezea. Korongo ni ndege, korongo ni huyo swala, na korongo pia ni bonde lililochimbwa na maji. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda Ruma kuona korongo, akaruka korongo, akamkuta korongo amesimama ndani yake.

Tukirudi kwenye uzi. Ruma ilitengwa mwaka 1966 kama hifadhi ya wanyama ya bonde la Lambwe, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Nataja kwa sababu kuna mtu kwenye uzi mwingine aliandika kwamba ilianzishwa "kumlinda mbayuwayu." Siyo. Wakati ule hesabu ilikuwa ya korongo (mwenye pembe).

Jambo la pili, na hili ndilo kubwa kwangu. Mbayuwayu buluu hazalii Kenya. Anazalia kusini, kwenye nyasi za milimani zenye ukungu: Afrika Kusini, Zimbabwe, Malawi, nyanda za juu za Tanzania. Huko anajenga kiota cha tope ndani ya mashimo ardhini, mara nyingi shimo la mhanga, yule mnyama anayekula mchwa. Huku kwetu anakuja kupumzika tu, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kwa hiyo mlikwenda mwezi mzuri. Kama hayupo, msimlaumu Ruma peke yake. Kule kusini nyasi nyingi zimepandwa misonobari na mikaratusi, na Afrika Kusini kwenyewe amebaki wa kuhesabika. Mgeni asipofika, uliza kwanza kwao kuna nini.

#16 Kwarara wa Dunga
Shukrani mwalimu. Lakini askari alituambia sababu ni nyasi. Alisema mwaka huu zimekuwa ndefu, na huyu ndege huwinda wadudu akiruka chinichini, anapenda mahali palipo wazi. Tulipopita nyasi zilifika kioo cha gari.

#17 Nyasi za Busia
Hapo siafiki sana. Wa huku kwetu nilikuwa nawaona juu ya nyasi ndefu tu, karibu na majimaji. Nafikiri wingi wa wadudu una kazi kuliko urefu wa nyasi. Nyinyi mlipita asubuhi baada ya mvua, kumbikumbi wametoka sehemu moja, mbayuwayu wote wamehamia huko. Mngekuwa kilomita mbili upande mwingine tusingekuwa na uzi.

#18 Shorobo_Kakamega
Au watu 12 kwenye matatu yenye muziki.

#19 Nyar Kendu
Muziki ulizimwa langoni!! (Karibu na langoni.)

#20 Fundi wa Baridi
Nimeambiwa na mjukuu kwamba nasemwa huku. Mimi ndiye mzee wa goti.

Nieleze mara moja. Kulikuwa na mgunga mdogo mkavu, kama hatua arobaini kutoka kwangu, jua liko mgongoni mwangu. Ndege alikuja kutoka upande wa mto, akapita chini sana, nyuma yake nyuzi mbili. Akatua kwenye tawi la mwisho. Akajinyoosha, akachakura manyoya kwa mdomo, na hapo kwenye nyonga nikaona weupe kidogo, kama uzi wa shati uliochomoza. Kisha akaondoka. Sekunde nne ni za huyo kijana, mimi nimehesabu kama kumi na tano. Nimetengeneza friji miaka 31, najua tofauti ya waya mweusi na wa buluu hata kwenye giza.

Na mtego wa mbung'o hauchakuri manyoya.

#21 Baba Tatu
Mzee ameingia uwanjani. Watu wakae.

#22 Kwarara wa Dunga
Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usinichukulie vibaya. Ila hilo la weupe nyongani... siku moja kabla ulinipigia simu ukanisomea ukurasa mzima wa kitabu, na weupe ulikuwemo.

#23 Fundi wa Baridi
Marahaba. Kwa hiyo mtu akisoma kabla ya mtihani na akajibu sawasawa, ameiba?

#24 Mwalimu Mstaafu
Hoja ya mzee nzito. Lakini hoja ya kijana nayo ina miguu. Miaka niliyofundisha niliona mtoto akisoma jibu kabla, halafu analiona jibu hata kwenye swali lisilouliza hilo. Macho hutii kichwa. Hata hivyo weupe ule huonekana pale tu ndege anapojisafisha, na mzee ametaja tendo kabla ya alama. Mwongo kwa kawaida huanza na alama.

#25 Fundi wa Baridi
Mwalimu, umenitetea au umeniita nini?

#26 Mwalimu Mstaafu
Nimekutetea, mzee mwenzangu.

#27 Shorobo_Kakamega
Mimi nimeanza kulegea kidogo. Yule wangu mweusi hana weupe nyongani, na hapendi uwanda mtupu, anapenda ukingo wa msitu. Lakini sijakubali. Kuna mbayuwayu mkia-waya, ambaye hakuna aliyemtaja. Mgongo wake ni buluu inayong'aa, na mkiani ana nyaya mbili ndefu kweli. Tumbo lake ni jeupe. Akitua kwa kukupa mgongo, ukaona ubavu umechungulia weupe kidogo, basi umepata kila alichosema mzee: buluu, nyuzi mbili, weupe nyongani. Na huyu ni wa kawaida kabisa, kila daraja lenye maji anaweza kuwepo.

#28 Nyasi za Busia
Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hadi sasa. Mzee, utosi wake ulikuwa na rangi ya kutu? Mkia-waya ana kofia ya hudhurungi.

#29 Fundi wa Baridi
Utosi sikuutazama. Nilikuwa kwenye mkia.

#30 Shorobo_Kakamega
Ahaa.

#31 Fundi wa Baridi
Usiseme ahaa. Na tumbo lilikuwa giza alipopita. Nimesema alipita chini sana, lakini alipopanda kutua nililiona tumbo.

#32 Dereva Mpole
Niaje. Mimi ndiye niliyeendesha hiyo gari, Nyar Kendu amenitumia hii kitu. Kwani mlikuwa mnatafuta hao weusi wenye mkia wa uzi? Wakati mnasukuma walikuwa wawili kwenye dimbwi nyuma yenu, wanashuka wanapanda. Niliwaona kwenye kioo cha pembeni. Nilifikiri ni wa kawaida, hakuna mtu aliniuliza.

#33 Kwarara wa Dunga
Kaka!!!

#34 Baba Tatu
Chai ya pili.

#35 Nyasi za Busia
Wawili juu ya dimbwi. Hapo mimi nafikiria mkia-waya zaidi, wanapenda kutembea jozi karibu na maji. Kaka, tumbo lilikuwa jeupe?

#36 Dereva Mpole
Boss, kioo chenyewe kilikuwa na matope, na mimi nilikuwa naangalia watu wasiingie chini ya tairi. Tumbo la ndege lilikuwa mbali na mawazo yangu.

#37 Heroe wa Nakuru
Hii inanikumbusha huku kwetu. Maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda, chumvi ikapungua, heroe (flamingo) wengi wakahamia Bogoria na kwingine. Kikundi chetu kilileta wageni kutoka Eldoret waone ziwa la waridi, tukawaonyesha miti iliyokufa ndani ya maji na mwari wengi. Mmoja wao akasema aliona heroe. Mmoja, peke yake, mbali. Hadi leo hatujui kama alikuwa heroe au mfuko wa plastiki wa waridi. Yeye ameandika heroe. Sisi tumeandika mwari. Maisha yanaendelea.

#38 Nyar Kendu
Wazee na vijana, nimepata kitu. Nimeangalia video tena usiku huu. Sekunde ya 19, wakati Kwarara anateleza na kuanguka (pole), juu ya bega lake kuna kitu cheusi kinakatiza kushoto kwenda kulia. Naweka picha nilizosimamisha, ziko tatu.

#39 Baba Tatu
Nimeangalia sekunde ya 17 mara sita. Sijafika 19.

#40 Kwarara wa Dunga
Umeniahidi hutaiweka hadharani hiyo.

#41 Shorobo_Kakamega
Picha ya kwanza ni doa. Picha ya pili ni doa lenye panda. Picha ya tatu, nikikuza, mkia unafika karibu urefu wa mwili, na tumbo sioni weupe. Lakini nyuma yake kuna mawingu meupe, na ndege yeyote mbele ya mawingu anakuwa mweusi, hata yangeyange. Kwa hiyo tumbo halithibitishi kitu. Mkia mrefu unamwondoa mbayuwayu wa kawaida. Haumwondoi mkia-waya.

#42 Mtu wa Lambwe
Huyo anaruka polepole au haraka? Kwa video mnaweza kuhesabu mapigo ya bawa.

#43 Nyar Kendu
Anakaa kwenye video chini ya sekunde moja, kisha mkono wangu unatikisika kwa sababu nacheka.

#44 Mwalimu Mstaafu
Kwa wanaoshiriki ule mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, swali lina jibu la kiutaratibu, hata kama moyo haujaridhika. Nchi imegawanywa kwenye miraba, pentadi, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9. Kadi kamili, yaani orodha ya ndege ulioona kwenye mraba mmoja, inataka angalau saa mbili za kutazama, na ndege wanaandikwa kwa mfuatano jinsi wanavyoonekana. Anayeandika anawajibika kwa alichokiandika. Mzee ana kadi yake? Amwandike. Kwarara ana kadi yake? Asimwandike. Sioni kwa nini watu wajitoe kwenye grupu.

#45 Kwarara wa Dunga
Mwalimu, shida ni kwamba kikundi chetu tuna ubao. Uko kwenye kibanda cha chai pale Dunga, majina ya ndege wote wa mwaka, na kila ndege mpya mwenye kibanda anatupa mandazi ya bure. Mzee ameshakula mandazi.

#46 Fundi wa Baridi
Mawili tu.

#47 Nyasi za Busia
Kumbe kesi ni ya mandazi.

#48 Nyar Kendu
Kwa Kijaluo mbayuwayu wote ni opija. Bibi yangu nilipomwonyesha video alisema "opija" akaendelea kuchambua omena. Nikamwuliza opija gani, akaniangalia kama nimemtukana.

#49 Shorobo_Kakamega
Mimi napendekeza mwandike "mbayuwayu mweusimweusi, mkia mrefu, Lambwe" na alama ya kuuliza. Mandazi nusu.

#50 Fundi wa Baridi
Nakataa alama ya kuuliza. Nimekubali kushindwa mambo mengi maishani, timu yangu Gor ikifungwa nanyamaza, lakini yule alikuwa buluu. Mwezi ujao narudi na nauli yangu. Goti limepata dawa. Anayetaka kuja aje, na safari hii nyinyi msimame, mimi nisukume.

#51 Kwarara wa Dunga
Mzee, nitakuja. Nitavaa kaki. Dereva uko?

#52 Dereva Mpole
Niko, ila ile pesa ya kuosha gari bado sijaona. Watu wawili walipanda na matope yote mpaka kwenye dari. Dari, jamani. Sijui walifikaje huko.

#53 Nyar Kendu
Naomba mtu mwingine ashike simu.

#54 Mtu wa Lambwe
Nimepita kando ya hifadhi leo asubuhi na pikipiki, kwa ajili yenu. Nilisimama karibu nusu saa mahali mnapoweza kuwa mlizama, matairi bado yameandikwa kwenye udongo. Dimbwi limekauka. Mbayuwayu hakuna, wa rangi yoyote. Nimeona taya wawili, wale swala wadogo, na korongo mmoja mbali kidogo.

#55 Heroe wa Nakuru
Korongo yupi?